Kiswahili Katika Karakana ya Kuchomelea

Katika gereji za jua kali mjini Nakuru, springi ya lori iliyokatika huungwa kwa kuchomelewa, na lori likarudi barabarani. Baadaye springi ile hukatika tena, aghalabu si kwenye kiungo chenyewe bali kando yake.

Wahunzi wetu wa kale wangalieleza sababu. Springi ni chuma cha aloi kilichotiwa matiko: kimepashwa moto kikawa chekundu, kikatoswa katika mafuta kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kisivunjike upesi. Moto wa kuchomelea huyavuruga matiko hayo. Palipo karibu na kiungo pakipoa haraka huwa pagumu na pepesi kuvunjika kama kigae. Mbali kidogo hulegea. Kijiti chenye unyevu nacho huingiza haidrojeni, ambayo huweza kupasua chuma saa nyingi baada ya fundi kwenda zake. Springi, kwa kweli, haifai kuchomelewa kamwe.

Kwa vyuma vya aina hii vinavyokubali kuchomelewa, wahandisi hudai utaratibu uthibitishwe kwanza. Kipande cha majaribio huchomelewa, joto na umeme vikaandikwa. Kisha hupindwa, huvutwa hadi kikatike, na ugumu wake hupimwa. Kule Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, mvuke huo una salfaidi ya haidrojeni, gesi inayoweza kupasua chuma kilichoachwa kigumu mno. Huko hakuna kubahatisha.

Mimi ni mtu wa isimu, nami naitazama karatasi inayotokana na majaribio hayo. Kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Fundi huagizwa asianze kabla chuma hakijafikia nyuzi 150, tuseme, kwa lugha ambayo pengine aliagana nayo darasa la nane. Majaribio yamethibitisha utaratibu. Hayakuthibitisha kwamba fundi ameuelewa.

Wapo wasomi wenzangu wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Je, matiko ni neno la nani? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini karakana bado inangoja.

Walimu wa Kiswahili na wa ufundi na waanze na karatasi moja tu, ile ya kupasha chuma joto kabla ya kukichomelea. Wampe fundi aisome, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakalofanya. Akikosea, karatasi ndiyo iandikwe upya.