Tumaini la Wakristo lipimwe Lutindi, si jukwaani

Mahubiri ya tumaini hayajapungua nchini. Mikutano ya injili inakesha, maji na mafuta ya upako yananunuliwa, na mgonjwa anaahidiwa kwamba akiamini leo, kesho ataamka mzima. Kinachokosekana ni kipimo cha kutenganisha tumaini na ahadi tupu. Historia ya Ukristo katika milima ya Usambara inatupa kipimo hicho: tumaini la kweli hubaki na mtu hata pale ambapo hakuna dalili kwamba atapona.

Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1896, upande wa Korogwe wa milima hiyo, Lutindi ikawa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye hitaji jingine likabisha hodi, la watu wenye maradhi ya akili, na mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi ikageuka kuwa hospitali yao, miaka mingi kabla ya hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Mpaka leo inaendeshwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Pamoja na dawa, mgonjwa hupewa kazi: kulima, kuchuma chai, kusuka. Mtu ambaye huenda nyumbani alifungwa kamba kwa kuogopwa anakabidhiwa jembe, yaani anaaminiwa. Irente nako, jirani na mji wa Lushoto, kanisa lina shule ya wasioona, ambako mtoto husoma nukta nundu kwa ncha za vidole, na shule ya Rainbow kwa wenye ulemavu wa akili. Kwa mtoto wa namna hiyo, kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe kunaweza kuwa somo la miezi.

Wapo watakaosema kwamba wamisionari hao waliandamana na ukoloni. Ni kweli: chama kilichowatuma kilianzishwa Berlin mwaka 1886, katika joto lilelile la kugawana Afrika, na walowezi walitwaa ardhi ya Wasambaa. Lakini bendera ya Wajerumani ilishuka zaidi ya miaka 100 iliyopita, na leo wauguzi na walimu wa hapahapa ndio walioishika kazi hiyo. Ingekuwa mradi wa ukoloni tu, ingezikwa nao. Wengine watauliza imani inaingiaje, wakati Mwislamu na asiye na dini pia humhurumia mgonjwa. Sina ugomvi nao. Lushoto ina Waislamu wengi, na wema haukuanza na kanisa. Ninachodai ni kidogo zaidi: huruma huchoka matokeo yanapokawia, na Mkristo anayo sababu ya kutokata tamaa isiyotegemea matokeo. Anaamini kwamba thamani ya mtu haitokani na anachozalisha, na kwamba msalabani Mungu hakumkimbia anayeteseka.

Hoja nzito zaidi ni ya mwenye mgonjwa: yeye anataka uponyaji, si uvumilivu. Ana haki, na kuwaombea wagonjwa ni agizo la imani yenyewe. Ila mhubiri anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani anamtwisha mzigo wa pili. Dalili zikirudi, ataambiwa hakuamini vya kutosha, na hapo tumaini limegeuka fimbo. Lutindi haijawahi kulazimika kuchagua kati ya sala na kidonge, wala usharika wowote haulazimiki.

Kwa hiyo usharika unaotaka kushirikisha wengine tumaini lake uanze na bajeti. Sadaka ilipe nauli ya kliniki, mchungaji ajue mgonjwa wake ameishiwa dawa lini, na wazee wa kanisa wapeane zamu za kumpumzisha mama anayelea mtoto mwenye usonji. Usharika usioweza kutaja hata familia moja uliyoibeba hivyo mwaka mzima bado haujalihubiri tumaini, umelitaja tu.