Afande amestaafu, kadi ya matibabu nyumbani inamfunika nani?

Msikilizaji wetu mmoja wa Rondo alitupigia akiwa shambani kwake. Ametumikia jeshi zaidi ya miaka ishirini, sasa amerudi kwenye mikorosho. Nyumbani ana mke, watoto wanne na mama yake mzazi. Aliuliza: akatie familia bima gani? Hewani tulimjibu kwa haraka, na jibu halikutosha. Tulirudie hapa.

Mtumishi wa kawaida wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, watoto wake wengi wakiwa wameshajitegemea. Askari wa vyeo vya chini hutoka mapema zaidi. Anarudi kijijini na nguvu zake, na watoto bado wako darasani. Ugumu wa swali la afande unaanzia hapo.

Kwa waliochangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kadi ya ustaafu humfunika mstaafu na mwenza wake. Watoto hawamo. Wakati wa kazi walitibiwa kwa jina la baba, na wengi hugundua mabadiliko siku mtoto ana homa na dirishani wanaambiwa jina halisomeki. Aliyezoea hospitali za jeshi naye akumbuke kwamba Lugalo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lindi. Kwa hiyo ukistaafu, uliza mambo mawili kabla hujafunga begi: haki yangu ya matibabu inaendelea wapi, na majina ya nani yanabaki?

Kwa watoto, wengi wetu huku tulizoea CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. NHIF nayo mwaka 2024 ilileta vifurushi vya Ngorongoro Afya na Serengeti Afya, ambavyo bei yake huangalia umri. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, mipango hii inabadilika, kwa hiyo usilipe kwa bei uliyosikia kwa jirani. Uliza bei ya leo.

Sisi tunaona wengi wanaanza na bei, wakati wangeanza na barabara. Mtoto akizidiwa usiku Rondo, mnampeleka wapi? Kwanza zahanati ya kijiji, halafu mnashuka hadi Nyangao, Hospitali ya Mtakatifu Walburga, au mnaendelea hadi Sokoine mjini Lindi. Kadi isiyopokelewa Nyangao haitakusaidia sana hata kama orodha yake imejaa hospitali za Dar es Salaam. Tena nenda ukaulize mwenyewe pale mapokezi. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kupokea kadi za NHIF kwa mvutano wa malipo, na wenye kadi zilizolipiwa walijikuta wanatoa fedha mfukoni.

Mama wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na mtoto chini ya miaka mitano, wana msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Msamaha ni mzuri, ila dawa zikiisha dirishani hauzileti. Tungekuwa sisi, mama naye tungemwandikisha.

Lipa wakati wote ni wazima. Bima nyingi za kujiunga kwa hiari zina muda wa kusubiri kabla hujaanza kutibiwa, na mafao ya mkupuo yana miguu: yakishaingia kwenye bodaboda na mabati, hayarudi. Ada ya mwaka wa kwanza ichomoe humo. Ya miaka inayofuata ipange na msimu wa ufuta au malipo ya korosho kutoka AMCOS.

Na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe tayari. Afande wetu ana viwili kati ya vinne. Ametuambia ataanza kwa kushuka Mtama kufuatilia hivyo vingine.