Viwanja vya watoto kwenye nyumba za maendeleo: msaada, mkopo au wakfu?

Nenda Michenzani baada ya Alasiri, watoto wakishatoka chuoni, usimame baina ya yale majumba. Ni majumba kumi, mengine yanakaribia urefu wa mita 300, na kila ngazi inatoa watoto. Wavulana wanacheza mpira ukingoni mwa barabara, baina ya gari zilizoegeshwa. Wasichana wamekaa ngazini au wamebaki ndani na simu. Mama anayeishi ghorofa ya nne anaijua ile hofu ya kusikia breki ikilia chini, akakimbilia dirishani kuhesabu vichwa vya wanawe.

Haikukusudiwa iwe hivi. Mpango wa mji wa mwaka 1968, uliotayarishwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, uliacha nafasi za wazi baina ya majumba, Kikwajuni na Kilimani pia. Familia nyingi zilipewa nyumba hizo bila ya malipo, na uwanja wa nje ulikuwa sehemu ya ile neema. Kidogo kidogo likaja banda la biashara, kisha gereji, kisha maegesho. Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi una watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo, na ule wa Tibirinzi kule Pemba, inajaa siku za Idi, lakini mwenye watoto watano hawezi kuwapeleka kila jioni.

Ndiyo maana siku hizi si ajabu kusikia kamati ya mtaa au ya msikiti inataka kuandika andiko la mradi, kuomba fedha za bembea, miti, taa na mabenchi. Ni jambo la kheri. Kuondoa kinachodhuru njiani ni katika imani, na mti anaopanda Muislamu ana ujira kwa kila anayefaidika nao, mtu au ndege. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akiwatazama. Anayesema kwamba mchezo wa watoto ni upuuzi usiostahiki fedha wala mipango ana haja ya kuisoma tena Sira.

Ila kabla ya kuandika barua, kamati ijue inaomba nini. Sisi tuna tabia ya kuita kila kitu "msaada". Ule mradi wa huduma za mji ulioanza mwaka 2011 kwa dola milioni 38, uliojenga mitaro ya maji ya mvua, taa za barabarani na ukuta wa Mizingani, ulipewa fedha na Benki ya Dunia. Ulikuwa mkopo wa masharti nafuu ambao Serikali inaulipa, si zawadi. Mwananchi anayepita chini ya taa zile hana dhambi, kwani si yeye aliyekopa. Lakini kamati ya mtaa ikiletewa karatasi yenye neno "marejesho" na nyongeza juu ya rasilimali, hiyo ni riba, hata ikiitwa ada ya huduma, mpaka wanavyuoni waisome karatasi yenyewe na waseme vyengine.

Msaada wa kweli tumewahi kuuona. Forodhani ilitengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa mwaka 2009, na hakuna aliyeulizwa madhehebu yake kabla ya kukaa kwenye benchi. Kupokea zawadi ya asiyekuwa wa njia yako, au hata asiyekuwa Muislamu, kuna asili katika dini. Mtume alipokea zawadi ya Muqawqis wa Misri. Kinachotazamwa ni sharti lililofungwa na zawadi. Mimi naona funzo la Forodhani liko pengine: ile ni bustani ya mbele ya mji, inayoonekana na mgeni anayeshuka bandarini. Fedha hupenda kwenda zinakoonekana. Nyuma ya nyumba za Mtemani, Wete, hapana mtalii anayepiga picha, na mfadhili itabidi avutwe.

Akikosekana, atajitokeza mwengine. Makampuni ya kamari na ya pombe yana fedha nyingi, na yameshazoea kudhamini michezo Bara. Wapo watakaosema kwamba wanavyuoni wameruhusu fedha ya haramu itolewe kwenye maslahi ya umma, kama njia na vyoo. Kweli, wapo walioruhusu, lakini hukumu hiyo ni ya mtu aliyetubu anayetaka kuondokana na mali chafu. Haimhusu mfanyabiashara anayebandika nembo ya kamari kwenye bembea ya mtoto wa miaka sita, kwani huyo ananunua mteja wa kesho. Kamati iikatae fedha hiyo hata kama kiwanja kitabaki vumbi.

Na zaka? Swali hili huulizwa kila Ramadhani. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, na kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, zaka ina watu wake wanane, na kiwanja si mmoja wao. Fedha ya kiwanja iwe sadaka au wakfu.

Hapa ndipo penye uzito, kwa sababu wakfu si mgeni Ng'ambo. Sehemu ya ardhi ambayo wazee wetu walijengea vibanda vyao ilikuwa wakfu, na Kamisheni ya Wakfu ya Zanzibar ina historia tangu mwaka 1905. Tatizo ni kwamba tangu 1964 ardhi ni mali ya Serikali, na mtu haweki wakfu asichokimiliki. Kwa hiyo kiwanja chenyewe kinahitaji kutengwa na mamlaka kwa maslahi ya wote, jambo ambalo mafakihi wanalijua kwa jina la irsadi. Kinachoweza kuwekwa wakfu na mwananchi ni vilivyo vyake: mabenchi, bembea, au mlango wa duka ambao kodi yake italipa mlinzi na fundi. Ndugu zetu walioko Oman na Uingereza, ambao kila mwaka wanatuma fedha za visima na misikiti, wanaweza kuombwa mlango mmoja wa namna hiyo.

Nasisitiza mlinzi na fundi kwa sababu wafadhili wengi hutoa fedha ya kujenga na hawatoi ya kutunza. Bembea ikikatika mnyororo na taa zikizimika, kiwanja kinageuka kijiwe cha unga, na wazazi waliokiomba ndio wa mwanzo kuwakataza watoto wasikikaribie. Mama zao waulizwe mapema, kwa sababu wao ndio watakaoamua kama mtoto anateremka au hateremki. Wataomba ua wa miti upande wa barabara, choo, pahala pa kukaa wenyewe bila ya kutazamwa, na kiwanja kifungwe inapoadhiniwa Magharibi.

Kwa kamati iliyokwishaanza, barua ya kwanza isiende kwa mfadhili. Iende kwa sheha, kisha Baraza la Manispaa au la Mji, kuuliza kile kiwanja kimeandikwa kwa matumizi gani katika ramani na nani amekiombea. Ikiwa kimeshapimwa kwa ajili ya duka au jengo la mwekezaji, ni bora mtaa ulijue hilo leo kuliko siku ambayo mabati yatazungushwa. Jibu liombwe kwa maandishi, lipigwe muhuri, na nakala yake ikae msikitini.