Gitari katika odinateri: acha nafasi juu

Leo mtu anayetaka kurekodi gitari hahitaji tena kutafuta studio kubwa ya mjini. Anatwaa odinateri, programu kama Audacity ambayo hailipiwi, kable moja, na kale kasanduku ka sauti kanakounganisha gitari na odinateri. Basi. Lakini nyimbo nyingi zinazotoka humo zinaumiza masikio, gitari inakwaruza kama spika iliyopasuka. Mara nyingi kosa haliko kwa mpigaji. Liko kwenye kifungo kimoja cha kale kasanduku, pale palipoandikwa GAIN.

Wakubwa wetu waliozoea kaseti walifundishwa kurekodi kwa nguvu, na hawakukosea. Kaseti ina ile "shhhh" yake, na sauti ikiwa ndogo, shhhh inaifunika. Tena kaseti ni mvumilivu: ukizidisha kidogo, inaibana sauti polepole. Odinateri haiko hivyo. Yenyewe inaandika sauti kwa hesabu, na hesabu ile ina dari: desibeli 0. Kinachopita hapo kinakatwa, na kilichokatwa hakirudi. Ukishusha sauti baadaye ndani ya programu, utapata sauti ile ile iliyopasuka, ila ndogo.

Sasa fanya hivi. Ingiza kable katika tundu lenye alama ya gitari, au palipoandikwa INST ao Hi-Z. Tundu la LINE ni la kinanda cha umeme na vyombo vingine vyenye sauti ya nguvu. Gitari ya umeme isiyo na betri ndani inataka tundu lenye upinzani mkubwa, karibu omu 1,000,000. Pengine inapoteza ung'avu wake, inasikika kama imefunikwa blanketi.

Teremsha GAIN mpaka chini, kisha piga. Usiguse nyuzi kwa adabu kama mtu anayejaribu tu! Piga ile fasi ya wimbo yenye nguvu kuliko zote, dakika nzima, sababu kwaya ikianza kuimba mkono unapata moto. Pandisha GAIN kidogo kidogo huku ukitazama kipimo katika programu. Mipigo mikubwa ikifika karibu -12, ao -10, simama hapo.

Kwetu Katanga kuna jambo moja la kuangalia. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Likasi mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, alipiga kwa vidole viwili: gumba kwa nyuzi nene, kidole cha shahada kwa nyembamba. Wengi wetu tumerithi namna ile. Basi pima kwa gumba, sababu mara nyingi ndilo linalorusha kipimo juu, hata kama sikio linafuata nyuzi nyembamba.

Utasema: "Lakini -12 ni sauti ndogo!" Ndiyo, na haina neno. Chagua biti 24. Kila biti inaleta karibu desibeli 6, kwa hiyo biti 24 zina nafasi ya karibu desibeli 144, na wewe umeacha 12 tu. Ukitaka kusikia zaidi, fungua sauti ya kaski, usiguse GAIN. Na yale maandishi ya "biti 32" katika programu yasikudanganye: sauti iliyopasukia ndani ya kasanduku inaingia katika programu ikiwa imepasuka tayari.

Je, unasikia "mmmm" hata mikono ikiwa imetulia? Kura yetu inatetema mara 50 kwa sekunde, na gitari inaikamata. Songa mbali na transfo na televizyo, geuza mwili polepole mpaka mvumo upungue. Kama odinateri yako ina betri, chomoa chaja yake ujaribu. Mara nyingi mvumo unanyamaza papo hapo.

Rekodi kwanza sekunde 30, sikiliza kwa kaski, ndipo uite kwaya. Na kama mpigaji ni mzee ambaye utampata siku hiyo moja tu, shusha hata mpaka -18, na usiguse tena kifungo kile mpaka amalize wimbo.