Mwanafunzi wa Hisabati apewe haki ya kubisha

Makao ya ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, yapo hapa Bagamoyo. Walimu wakuu, wakuu wa shule na wathibiti ubora hufundwa na chuo hicho namna ya kusimamia kazi ya mwalimu. Tunaanza nacho kwa makusudi. Lawama ya Hisabati nchini imezoea kumwangukia mwalimu wa darasani peke yake, nasi tunaikataa lawama hiyo. Mwalimu hufundisha kile anachokaguliwa.

Anakaguliwa nini? Andalio la somo, azimio la kazi, madaftari yaliyosahihishwa, asilimia za mtihani wa moko. Ni nadra kuulizwa wanafunzi wangapi wiki hii wamesimama na kueleza kwa nini jibu lao ni sahihi, au wamempinga mwenzao kwa sababu inayoshika. Matokeo tunayajua: katika mtihani wa Kidato cha Nne, ufaulu wa Hisabati ulikuwa takribani asilimia 20 mwaka 2022, na mwaka uliofuata ulipopanda, ulifika kama robo tu ya watahiniwa.

Tuchukue kosa ambalo kila mwalimu amelikuta. Mtoto anajumlisha nusu na theluthi. Anajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, anapata 2/5. Mwalimu anapiga alama ya kosa, anaandika 5/6 ubaoni, somo linasonga. Wiki ijayo kosa ni lilelile. Lakini mwalimu aliyeandaliwa angeuliza darasa swali moja: kati ya 2/5 na nusu, ipi kubwa? Watoto wangegundua wenyewe kwamba jibu halifiki hata ile nusu waliyoanza nayo. Sasa theluthi iliyoongezwa imekwenda wapi? Wakishabishana hapo, kanuni ya kutafuta asili moja inakuwa na sababu ya kuwapo, na mtoto haikariri tena kama amri.

Au tuchukue namba witiri. Jumlisha witiri mbili, utapata shufwa. Mifano 20 ubaoni haijathibitisha lolote, kwa sababu wa 21 unaweza kuikanusha. Mtoto anayesema kwamba kila witiri ukiipanga jozi jozi hubakiza moja, na hizo moja mbili zilizobaki zikikutana nazo ni jozi, amemaliza kazi kwa namba zote, hata zile ambazo hakuna aliyewahi kuziandika. Hoja hiyo haihitaji kompyuta wala maabara. Inahitaji mwalimu anayejua kuuliza “je, ni kila mara?” kisha akanyamaza na kusubiri.

Watoto wa kata ya Dunda, hapa Bagamoyo, si wageni wa hoja za namba. Wazazi wao wanaovua huzisikia kila chombo kinaporudi: gharama za safari zitolewe kwanza, kisha lipatikane fungu la mwenye chombo na la wavuvi, na asiyeridhika adai kuonyeshwa hesabu. Hakuna anayemwita mtovu wa adabu. Mtoto wake akidai hivyohivyo darasani huambiwa akae chini.

Nchi hii ina ushahidi wa kinachopotea. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa maziwa uliowekwa kwenye friza ungali moto ukitangulia kuganda kuliko wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena na akashikilia. Tangu hapo kila alipokosea, mwalimu na darasa walilitaja kosa kwa jina lake, kwa kejeli, hata katika Hisabati. Baadaye, akiwa hapohapo Mkwawa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wakamcheka tena, lakini Osborne alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa pamoja, na wanafizikia wanaendelea kubishana juu yake. Kijana huyo aliokolewa na bahati ya kukutana na mtu mmoja aliyesikiliza. Sera ya elimu haijengwi juu ya bahati.

Walimu watatujibu kwamba madarasa yamefurika tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, na kwamba darasa lenye watoto wengi kuliko kiwango cha 45 haliwezi kuendesha mjadala. Ugumu huo ni wa kweli, na Serikali inadaiwa walimu. Hata hivyo wawili wawili wanaweza kubishana kwenye dawati moja, na swali zuri moja halitumii chaki zaidi ya maswali 30 ya kunakili.

Kwa hiyo tunatoa hukumu yetu. ADEM iwafundishe viongozi wa shule kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza hoja, si kuhesabu vema za madaftari. Halmashauri ya Bagamoyo ihakikishe vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni vinaacha kuwa vya kusomewa miongozo: mwalimu alete kosa halisi la wanafunzi wake, wenzake watafute limetoka wapi, watunge pamoja swali la kulifumua, kisha mmoja alifundishe wengine wakitazama. Kenya ilianza njia ya namna hii mwaka 1998 kupitia SMASSE, mpango wa kuimarisha Hisabati na Sayansi sekondari, kwa ushirikiano na Japani. Hatuna udhuru wa umbali.

Shule za sekondari zimruhusu mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza kujenga hoja kwa Kiswahili kwanza, ndipo aiandike kwa Kiingereza. Kumnyamazisha kwa sababu ya lugha ni kumnyima somo. Fimbo iondoke kwenye kipindi cha Hisabati leo hii. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito tu, na kukosea kujumlisha sehemu si lolote kati ya hayo.

Baraza la Mitihani nalo lina deni. Mwaka 2012 liliufanya mtihani wote wa Darasa la Saba kuwa wa kuchagua herufi, Hisabati ikiwamo. Mtahini asahihishe sababu, na aitolee alama hata pale jibu la mwisho lilipopotoka.