Mahindi ya kuuza hupimwa, ya kula hayapimwi

KAULI YA IJUMAA
Na Mwikali Nzioka

Ukipeleka mahindi kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, karani atachoma gunia kwa mrija, atapima unyevu, atapima sumu, na yasipofaa utaambiwa uyapakie tena urudi nayo. Swali langu la wiki hii linaanzia hapo. Unarudi nayo wapi? Sijawahi kumwona mkulima wa Kibwezi au wa Mutomo akimwaga magunia kumi korongoni kwa sababu karani ametikisa kichwa. Yanarudi nyumbani. Yanakuwa isyo, ile pure yetu ya mahindi na maharagwe, yanakuwa ugali, yanakuwa uji wa mtoto, na zile punje zilizogeuka rangi kabisa hupewa kuku au huuziwa mpika pombe kwa bei ya kutupa.

Sisi wa Ukambani tuna haki ya kuuliza kuliko wengine. Mapema mwaka 2004, mahindi yaliyoivia mashambani yalikutwa na mvua isiyo ya wakati wake. Watu waliogopa wezi, na waliogopa njaa zaidi, kwa hivyo wakayaingiza ndani ya nyumba yangali mabichi, wakayarundika sakafuni. Kufikia Aprili hospitali za Makueni na Kitui zilikuwa zikipokea wagonjwa wa macho ya manjano, matumbo yamevimba, wanatapika. Vipimo havikupata virusi ambavyo vingeeleza vifo vile. Ndipo mahindi yenyewe yakapelekwa maabara, na baadhi ya sampuli zikakutwa na sumukuvu, ile aflatoksini ya magazetini, kufikia mikrogramu 4,400 kwa kila kilo. Kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa 20. Ilipofika Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa na 125 kati yao walikuwa wamezikwa, wengi wao wa kutoka wilaya hizi mbili.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos, watu 20 waliugua kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa. Madaktari wa hapa nchini waliandika kisa hicho katika jarida la kitabibu la London mwaka uliofuata. Kwa hiyo ilipofika 2004, miaka zaidi ya ishirini baadaye, ugonjwa ulikuwa na jina, sababu yake ilijulikana, na maelezo yalikuwa yamechapishwa. Waliokosa kuyapata ni wale waliokuwa na mahindi sakafuni.

Baada ya vifo, Wizara ya Afya na wenzao wa Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Magonjwa, CDC, walifanya utafiti ambao mpaka leo naona ni wa kupigiwa mfano. Walichukua wagonjwa 40, na kwa ajili ya kulinganisha wakachagua watu 80 wasio na manjano kutoka vijiji vile vile. Watu wa mvua moja, soko moja, njaa moja. Kisha wakauliza swali ambalo hata nyanya yangu angeuliza: mbona huyu ameugua na jirani yake ni mzima? Walipima mahindi ya nyumbani mwao na damu yao. Majibu yalikuwa wazi. Wagonjwa walikuwa wamekula mahindi yenye sumu nyingi kuliko majirani zao, na damu yao ilikuwa na alama nyingi za sumu hiyo. Waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba ndio walioumia zaidi. Tena ilionekana kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vilipatikana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa majirani wazima. Ini lenye virusi hivyo likiongezewa sumukuvu hupata pigo maradufu, na ndiyo maana wataalamu wa saratani ya ini huwa wanavitaja viwili hivyo kwa pamoja.

Wengine walikwenda masokoni. Walikusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65. Zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipita kiwango kilichoruhusiwa, na asilimia 7 zilipita mikrogramu 1,000. Maana yake ni kwamba hata aliyeishiwa na yake nyumbani akaenda kununua, alinunua kifo kwa pesa zake. Watafiti walirudi tena miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2005 asilimia 41 ya mahindi waliyopima Mashariki yalikuwa yamepita kiwango; 2006 ikawa 51; 2007 ikashuka hadi 16. Tazama hizo namba zinavyopanda na kushuka. Mwaka mmoja mzuri haumaanishi tumepona.

Nataka nikae kidogo kwenye damu. Mwaka huo wa 2007 Wakenya walitoa damu kwa ajili ya utafiti wa kitaifa wa Ukimwi. Baadaye wanasayansi walichukua sampuli 600 kati ya zilizobaki, wakatafuta humo alama za sumukuvu, na wakazipata katika asilimia 78. Mkoa wa Mashariki ulikuwa juu kuliko mikoa yote. Hawa hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wa kwenda shambani na kanisani, wasio na manjano wala maumivu ya tumbo, waliokuwa wakila sumu kidogo kidogo kila siku. Msiba wa 2004 ulionekana kwa sababu watu walikufa wengi kwa mpigo. Huu wa kidogo kidogo hauna matanga ya pamoja, na gavana haitishi mkutano wa wanahabari kwa ajili yake.

Na utafiti haukuishia kwenye kuhesabu maiti. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha kwamba kuvu aliyesababisha maafa yale ni wa kundi fulani la Aspergillus flavus lenye uwezo mkubwa wa kutengeneza sumu. Kutokana na kazi ya namna hiyo ikaja dawa ya shambani iitwayo Aflasafe KE01. Ndani yake mna kuvu wa jamii hiyo hiyo, wenyeji wa Kenya hii hii, ila wasiotoa sumu. Hupandikizwa kwenye punje za mtama, mkulima akazinyunyiza shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua, kuvu hao wema wakawahi kiti kabla ya wale wabaya. Iliidhinishwa nchini mwaka 2015, na kiwanda chake kiko Katumani, kwenye kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, Machakos. Kutoka Wote mpaka Katumani ni mwendo wa asubuhi moja kwa matatu. Dawa iliyotokana na msiba wetu inatengenezwa hapo jirani, na bado ukimuuliza mkulima wa mashambani Kitui kama amewahi kuishika mkononi, atakuuliza wewe ni ajenti wa kampuni gani.

Kuna utafiti mwingine ambao napenda kuwakumbusha wanaodhani sayansi huja na ndege tu. Wanasayansi wa Kenya walipima kinachotokea mahindi yanapotwangwa kuwa muthokoi, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo: kuondoa lile ganda kulipunguza sumukuvu kwa karibu nusu, kwa wastani. Kinu cha mama kilikuwa kikifanya kazi ya maabara bila kibali cha mtu. Lakini msishangilie haraka. Nusu ya sumu nyingi bado ni sumu nyingi, na kuchemsha hakuiondoi, hata ukiacha sufuria mekoni tangu alfajiri. Tena pumba hazitupwi. Hupewa ng'ombe, na ng'ombe huigeuza sehemu ya sumu hiyo na kuirudisha kwenye maziwa. Kwa hiyo tuliyoitoa kwenye sahani ya baba inarudi kwenye kikombe cha mtoto.

Juu ya watoto, tusiseme zaidi ya tunachojua. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 46 ya watoto wa Kitui wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni West Pokot pekee iliyolingana nayo. Wengi waliinyoshea sumukuvu kidole. Watafiti waliofanya kazi Meru na Tharaka-Nithi walilijaribu jambo lenyewe: walipima mahindi ya familia, yaliyokuwa na sumu wakayachukua, wakaleta safi badala yake. Matokeo yalitoka 2018. Sumu katika damu ya watoto ilipungua, ila mwishoni urefu wao haukutofautiana na wa wenzao. Kudumaa kuna mizizi mingi, maji machafu na umaskini zikiwemo. Mimi sioni kwamba jibu hilo linapunguza hoja yangu. Ini halingoji mtoto arefuke.

Lakini angalieni walichofanya wale watafiti wa Meru, maana hapo ndipo penye somo ambalo kaunti zetu hazijalisoma. Walipima, kisha wakabadilishia. Serikali yetu hupima kisha ikalaani. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa magunia milioni 2.3 hayafai kuliwa. Novemba 2019 chapa tano za unga ziliondolewa madukani. Machi 2021 mpaka ulifungwa kwa siku chache kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Mimi sipingi hata moja. Ila kila mara anayelindwa ni mnunuzi wa unga wa pakiti, na anayebaki na hasara ni mkulima ambaye ghala lake ndilo duka lake. Ukimwambia mama mwenye watoto watano kwamba gunia lake la mwisho lina sumu, kisha ukapanda gari ukaenda, umemfundisha jambo moja tu: siku nyingine asikubali kupimiwa.

Na wala tusijidanganye kwamba hili ni la Wakamba peke yao. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20. Kule nako lilikuwa eneo kavu, na kule nako watu walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe.

Nataka nini basi? Nataka kipimo kifike kwenye kinu cha posho, maana kila nyumba hupita pale. Vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa dakika chache vipo, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa kuvitumia. Sharti afundishwe vizuri, kwa sababu sumukuvu haikai sawa ndani ya gunia. Gunzi moja bovu laweza kuchafua debe zima, na ukichota gao moja la juu utaambiwa mahindi ni salama huku sumu imelala chini. Lazima yachotwe pande zote, yachanganywe, yasagwe, ndipo yapimwe. Wakati tunasubiri, mkulima achukue chupa kavu ya kioo, atie punje na chumvi kavu, atikise. Chumvi ikigandia ubavuni, mahindi bado yana unyevu, asiyatie ghalani. Turubai la kuanikia ni bora kuliko udongo mtupu, na ikumbi, yaani ghala letu la asili, iliyoinuliwa juu ya ardhi ni bora kuliko sakafu ya chumba cha kulala.

Mambo hayo ya turubai na chumvi maafisa wa kilimo wameyasema sana, na mimi nimewasikia. Wasichokisema ni nani atalipa gunia la badala. Nitalisema mimi: kaunti. Inunue mahindi safi baada ya mavuno, iyahifadhi, na anayekutwa na sumu aache yake apewe yale. Yaliyokusanywa yaharibiwe mbele ya macho ya watu, yasipotelee kwa wafanyabiashara usiku. Ni gharama, najua, na wapo watakaojaribu kuleta mahindi mabovu makusudi. Wapo pia walaji wa hewa katika kila mradi wa kaunti, na hatujaacha kujenga barabara kwa sababu yao.

Msomaji wangu wa Wote, wa Mwingi, wa Ikutha: mikutano ya maoni kuhusu bajeti ikiitishwa katika wadi yako, nenda. Muulize mwakilishi wako kipimo cha sumukuvu kiko kwenye kinu gani, na mahindi yako yakikutwa mabaya utapewa gunia gani. Akikujibu kwamba hilo ni la Nairobi, mkumbushe kwamba tangu 2013 afya na kilimo viko mikononi mwa kaunti.