Boti za Naivasha: silikoni si kalafati

Ziwa Naivasha limepanda. Mwaka 2020 maji yaliingia hadi mtaa wa Kihoto, na siku hizi boti hupita juu ya visiki vya migunga iliyozama.

Nyingi ni za faiba. Huundwa vipande viwili, bodi ya chini na sitaha ya juu, vikaunganishwa ukingoni kwa gundi na skrubu. Ikigonga kisiki au gati, kiungo hicho huachia.

Wapo wanaopaka silikoni kwa nje na kusema imeziba. Sisi wa pwani tumezoea kalafati: pamba na mafuta, kisha mbao hufura majini na kujifunga zenyewe. Faiba haifuri. Mwanya uliofichwa huendelea kunywa maji, skrubu zikashika kutu, na siku ya mawimbi sitaha ikabanduka na watu wamo.

Tiba ni kufungua palipoachia, kutoa gundi kuukuu, kukausha kabisa, kupiga msasa, kutia epoksi, kubana kwa bolti, kisha kulaza matabaka ya faiba kwa ndani. Baridi ya Naivasha huchelewesha gundi kushika. Asiyesubiri amefanya kazi bure.

Mamlaka ya usalama wa vyombo vya majini, KMA, makao yake makuu yako hapa Mombasa. Ukaguzi wake usiishie kuhesabu jaketi za kujiokoa. Uguse na kiungo. Na mwenye boti akumbuke: abiria ni amana.